Babu alirudi kutoka Burma, kaka yake hakurudi: nianzie wapi kuwatafuta?

"Shikamoo mtaalamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wakati wa vita vya Hitla. Kwetu ni Nzega. Inasemekana alifika Bama (Burma, Myanmar ya leo) akapigana na Wajerumani, akarudi 1946 akiwa sajini. Alifariki 1978, mimi sijazaliwa. Tumebakiwa na medali mbili, moja ya nyota na moja ya duara, na picha moja amevaa kofia pana. Kaka yake naye aliingia jeshini lakini hakurudi; wazee wanasema 'alizama', basi. Nimetafuta jina la babu kwenye tovuti ya makaburi ya vita, halipo. Sasa kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema nikimtumia shilingi 180,000 atanitolea faili la babu London, na familia italipwa fidia. Nimtumie? Na kama si hivyo, nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Nianze na la pesa kwa sababu ndilo la haraka: usimtumie. Orodha ya majalada ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew jijini London, inapekuliwa bure mtandaoni na mtu yeyote, hata akiwa amekaa barazani Nzega na simu yake. Kinacholipiwa ni nakala, na malipo hayo unawalipa wenyewe moja kwa moja, si kupitia namba ya simu ya mtu usiyemjua. Na hakuna mpango wowote wa serikali ya Uingereza unaowalipa wajukuu fidia kwa sababu babu yao alikuwa Keya. Ni kweli kwamba askari Waafrika walilipwa kidogo sana kuliko wenzao Wazungu wa cheo kile kile, na hata bahshishi ya kuagana baada ya vita ilipimwa kwa rangi ya mtu. Kinyongo hicho kina haki yake, na matapeli wanakijua vizuri, ndiyo maana wanakitumia. Misaada iliyopo, kama ile inayopitia Royal Commonwealth Ex-Services League, inawalenga wakongwe wenyewe walio hai na wajane wao wenye shida. Kama bibi yako bado yupo, hilo ulizieni kwenye ofisi ya wanajeshi wa zamani iliyo karibu nanyi, tena bila dalali.

Sasa kuhusu tovuti. Nasoma kati ya mistari yako kwamba ulipokosa jina la babu uliingiwa na shaka: isije ikawa hadithi yote ni ya kutunga. Shaka hiyo iondoe. Tovuti uliyoingia ni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kazi yake ni kuorodhesha waliokufa. Kwa vita vya pili, inahesabu waliofariki wakiwa jeshini kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu yako alifia nyumbani 1978. Jina lake halimo kwa sababu alirudi mzima.

Hapo ndipo penye fundo la swali lako, na ndipo familia nyingi zinapopotea njia. Askari aliyekufa unamtafuta kwa jina. Askari aliyerudi unamtafuta kwa batalioni. Ninyi mnao wote wawili, kwa hiyo mna kazi mbili tofauti, na msizichanganye.

Kwa nini iwe hivyo? Mtu alipoandikishwa alipewa namba, na karani akajaza jina lake, la baba yake, kabila, chifu wake na wilaya. Karatasi hizo za askari mmoja mmoja Mwafrika hazikuwekwa pamoja na zile za askari wa Uingereza. Kilichopelekwa London na kutunzwa vizuri ni kumbukumbu za vikosi: nani aliamuru nini, batalioni ililala wapi, ilishambuliwa saa ngapi. Tanganyika peke yake ilitoa watu takriban 87,000 katika vita vile. Hebu fikiria walikuwemo akina Juma bin Ramadhani wangapi, na kila karani akisikia jina kwa sikio lake: Masanja anakuwa Masanza, Luhende anakuwa Ruhendi. Wengine waliandikishwa kwa jina la utani, na wengine walibatizwa baadaye wakarudi nyumbani na jina jipya kabisa. Ndiyo maana namba ya askari ina thamani kuliko jina. Ikipatikana popote, kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, nyuma ya picha, au imechongwa kwenye kijiko cha bati, inakili jinsi ilivyo pamoja na herufi zinazoitangulia. Herufi zile si mapambo.

Wengi huniuliza kama waende makao ya JWTZ. Sikushauri uanzie huko. Batalioni za Keya za Tanganyika ziligeuka kuwa Tanganyika Rifles nchi ilipopata uhuru Desemba 1961, jeshi lile likaasi Januari 1964 na kuvunjwa, na JWTZ likaundwa upya tarehe 1 Septemba 1964. Kumkuta ofisa mwenye faili la askari wa 1942 mkononi itakuwa bahati ya mtende.

Basi tuanze na vitu mlivyonavyo ndani. Medali ya nyota iangalie katikati, kwenye duara linalozunguka herufi za mfalme: jina la vita limeandikwa pale. Kama ni Burma, umeshapata nusu ya jibu, maana nyota ile walipewa waliofika eneo lenyewe la mapigano, hawakupewa walioishia Mombasa au Nairobi. Utepe wake, kama haujachakaa, una mstari mpana mwekundu katikati, buluu pande zote mbili, na ndani ya kila buluu uzi wa rangi ya chungwa. Ikiwa imeandikwa Afrika, basi yaelekea babu alikuwa kwenye kampeni ya Somalia na Uhabeshi ya 1940 na 1941 dhidi ya Waitaliano, na habari ya Burma itabidi itafutiwe ushahidi mwingine. Ile ya duara nadhani ni medali ya vita ya 1939 hadi 1945: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hiyo alipewa karibu kila aliyetumikia siku 28, kwa hiyo haitusaidii kujua alikuwa wapi.

Usihangaike kutafuta jina kwenye ukingo. Medali hizi za vita vya pili zilitolewa bila kuchongwa majina. Kuna jambo moja la kuulizia, lakini. Aliyekaa vitani miezi sita kwa kawaida alipata pia nyota ya 1939–1945, kwa hiyo huenda kulikuwa na nyota nyingine iliyouzwa, iliyopotea, au iliyo kwa baba mkubwa fulani na hakuna anayekumbuka. Na tafadhali, msizisugue kwa majivu wala ndimu. Zifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, yatosha.

Picha ina maneno mengi zaidi. Kofia pana iliyokunjwa upande mmoja ndiyo waliyovaa askari wa Afrika Mashariki kule Asia. Tafuta kioo cha kukuzia au piga picha kwa simu uivute karibu, kisha tazama sehemu tatu. Begani: kuna herufi za shaba? Juu ya mkono: kuna nembo ya kichwa cha kifaru? Hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndiyo iliyopigana Burma. Na kwenye mkono: V tatu ni sajini, mbili ni koplo. Ukikuta V mbili usikimbilie kusema babu alidanganya, picha inaweza kuwa imepigwa kabla hajapandishwa. Nyuma ya picha pia pageuze. Mihuri ya wapiga picha wa zamani imenionyesha miji ambayo hakuna mzee aliyeikumbuka.

Hilo la kupigana na Wajerumani huko Bama haliwezekani. Adui wa Burma alikuwa Mjapani. Wanyamwezi waliokutana na Wajerumani vitani, kwa upande mmoja au mwingine, ni wa vita vya 1914 hadi 1918. Mambo mawili yanaweza kuwa yametokea. Ama wazee walisema "vita vya Mjerumani" wakimaanisha vita vyote vya Hitla, ama kuna mzee wa kizazi cha juu, pengine baba wa babu yako, aliyekuwa askari au mpagazi katika vita vya kwanza, na hadithi yake imemezwa na ya mwanawe. Uliza hilo kwa makini, unaweza kuwa na wapiganaji watatu badala ya wawili. Na mpagazi huyo akipatikana, usivunjike moyo ukikosa jina lake: ripoti ya 2021 ya Tume ile ile ya makaburi ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Tena Burma ina sifa ya kuvuta watu ambao hawakufika. Idi Amin alipenda kusema alipigana huko, ilhali alijiunga na Keya 1946, vita vimekwisha. Simfananishi babu yako na mtu yule! Nasema tu kwamba sifa ile ilikuwa kubwa, na mtafiti anapaswa kuipima hata anapompenda anayemtafiti.

Sasa batalioni. Keya za Tanganyika zilikuwa na namba zake, na hapa namba inachambua vizuri. Batalioni ya 6 ndiyo ya zamani; ilikwenda Uhabeshi, na mapigano yake ya Colito ya Mei 1941 ndiyo yaliyoipa jina kambi ambayo leo ni Lugalo. Kwa Burma, zinazohusu Tanganyika ni ya 26 na ya 36, zote ndani ya Divisheni ya 11, na ya 46 iliyokuwa kwenye Brigedi ya 28. Mtu wa Nzega aliyekuwa askari wa miguu Burma, yaelekea alikuwa kwenye moja ya hizo tatu. Nasema yaelekea, kwa sababu kijijini kila aliyevaa kaki aliitwa Keya, hata kama alikuwa dereva, mpiga mizinga, tabibu, fundi wa magari au mchimba barabara wa vikosi vya kazi. Hao walikuwa na vikosi vyao. Na mipaka ilivuja: Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana Kenya kama Jenerali China, alikuwa Mkikuyu ndani ya batalioni ya 36.

Ukishajua batalioni, au hata ukiwa na mbili unazozishuku, njia inafunguka. Kila batalioni iliandika shajara ya vita, ukurasa kwa ukurasa, tarehe kwa tarehe. Za Burma ziko Kew kwenye mfululizo wa majalada unaoitwa WO 172, na nyingi za Afrika Mashariki na Uhabeshi ziko WO 169. Zitakuonyesha Divisheni ya 11 ikikaa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kuanzia 1943, ikiingia bonde la Kabaw katikati ya masika ya 1944, malaria na tope vikiwamaliza watu kabla ya risasi, ikikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 karibu na Kalemyo mwezi Novemba, ikifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Pale mafundi walitandika daraja la chuma linaloelea, urefu wa mita 350 hivi. Kama kuna mzee anayekumbuka babu akisimulia daraja lililokuwa likinesa juu ya maji, mwache aseme yote, usimkatize.

Niwe mkweli kuhusu shajara. Inawataja maofisa kwa majina na askari kwa idadi: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Babu hatakuwemo kwa jina, isipokuwa alitenda jambo la ushujaa, na mapendekezo ya nishani za ushujaa yako WO 373, ambayo yanatafutika kwa jina mtandaoni. Jaribu, haikugharimu kitu. Utakachopata ni kujua mahali alipokuwa siku fulani, na mvua iliyomnyeshea. Kwa familia nyingi hilo linatosha, kwa nyingine halitoshi, na ni vizuri kujua mapema wewe uko upande gani kabla ya kulipia nakala. Njia ya bei nafuu ni ndugu aliye London. Kadi ya msomaji pale Kew ni bure, na kupiga picha kurasa kwa simu yako mwenyewe ni bure. Siku moja ya mpwa mwenye subira inatosha shajara nzima ya mwaka.

Lakini kabla ya London kuna Nzega, na kuna wazee ambao hawatusubiri. Unapokwenda kuwauliza, usiulize "babu alipigana wapi?" Utajibiwa "Bama" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza alipanda treni wapi na akateremkia wapi. Uliza meli iliondoka bandari gani, walikula nini, alikuwa na rafiki wa kabila gani, alimtaja afande yupi, alirudi na nini kwenye sanduku. Uliza alikuja na maneno gani ya kigeni. Kuna wazee waliorudi na Kihindi cha sokoni mpaka wajukuu wakakishika. Tarehe usizilazimishe. Zipate kwa matukio: alioa kabla au baada ya kwenda, mtoto gani alizaliwa akiwa hayupo, ilikuwa baada ya nzige au kabla. Rekodi sauti, ila omba ruhusa kwanza. Na mzee akinyamaza ghafla kwenye habari ya kifo au ya njaa, geuza mazungumzo. Baadhi ya waliorudi hawakuyasema kamwe, na waliowasikia wakipiga kelele usingizini wamebeba hayo hayo.

Baada ya hapo nenda kanisani, kama babu alibatizwa. Misheni kongwe za huko, kama Ndala iliyoanzishwa 1896, huwa na vitabu vya ubatizo na ndoa vyenye majina ya wazazi na kijiji, na mara nyingine pembeni kumeandikwa neno kuhusu mtu aliyehama au aliyekwenda jeshini. Mwandikie paroko kwanza, usivamie. Kisha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo chumba chake cha kusomea kwa miaka mingi kimekuwa Upanga, Dar es Salaam. Piga simu kabla ya kusafiri, na uende na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Huko usiombe faili la babu. Omba vitabu vya wilaya na majalada ya wilaya yako kuhusu kuandikisha askari na kuwapokea waliorudi mwaka 1945 hadi 1947: malalamiko ya mishahara, ajira, madai ya ndugu wa waliokufa. Hapo majina ya wanakijiji hujitokeza bila kutarajiwa. Kama cheti chochote cha babu ni chakavu kiasi cha kukatika kikikunjuliwa, usikikunjue wala usikiweke gundi ya selotepu. Kipeleke kwa maofisa wa nyaraka kama kilivyo.

Nimemwacha kaka wa babu mwisho, ingawa yeye ndiye rahisi kumpata. Wazee wanaposema "alizama", huenda wanasema jambo lililotokea hasa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi na kuzama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Rudi kwenye tovuti ile uliyokata tamaa nayo, lakini safari hii usiandike jina. Weka tarehe hiyo na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, kisha soma orodha nzima taratibu, kwa sauti, mbele ya mtu anayejua majina ya ukoo wenu. Sikio litashika ambacho jicho litaruka.

Asipokuwepo, usimfunge kwenye meli hiyo kwa nguvu. Pengine alizama mtoni Chindwin, au "alizama" ni namna ya wazee ya kusema alipotelea ng'ambo. Jaribu tena kwa vikosi vingine na tahajia zote za jina. Waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wametajwa Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, kwenye mnara wenye majina karibu 27,000. Askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliopotea na Khedive Ismail wametajwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, ambako unaweza kufika kwa basi. Ukikuta jina limeandikwa vibaya, au ukiwa na ushahidi kwamba alifia jeshini na hajaorodheshwa, Tume hupokea maombi ya kurekebisha na kuongeza. Watataka karatasi, na hapo ukurasa wa kitabu cha ubatizo pamoja na jalada la wilaya linalomtaja baba yake akidai mshahara wa marehemu vitakuwa na uzito kuliko barua kumi za familia.